Rauta Kwenye Dirisha la Jua

Mdogo wangu aliacha kusikia akiwa na miaka mitatu, baada ya homa iliyomlaza wiki nzima. Mimi nilikuwa na minane. Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu, kule Newala, na kwa kuwa hapakuwa na shule ya viziwi karibu wala mtu wa kutuelekeza, lugha tuliitunga wenyewe, tukiwa njiani kwenda kuteka maji au chini ya mikorosho tukiokota. Mama tulimwita kwa kuchora kwa kidole kwenye paji la uso, pale alipokuwa na chale zake. Ukungu wa asubuhi ulikuwa kupangusa uso kwa kiganja. Jina langu lilikuwa kugusa goti, kwa sababu ya kovu nililolipata nilipoanguka na ndoo. Yeye alikuwa kugusa sikio. Hata mama aliijua lugha ile nusunusu. Aliyeijua yote ni mimi na yeye.

Nikasomea ualimu, nikaolewa Masasi na fundi wa pampu za maji, nikahamia huko. Masasi kwetu ilikuwa ngumi juu ya ngumi, kwa ajili ya majabali yake. Kila likizo nilipanda Newala, tukakaa barazani siku mbili tatu mikono ikizungumza bila kupumzika, kisha nikashuka tena na kumwacha na mama. Kati ya likizo moja na nyingine hapakuwa na kitu. Barua isingesaidia, maana hakufundishwa kusoma.

Zamani simu ilikuwa ya posta, na foleni yake. Baadaye biashara ya simu ilipofunguliwa kwa watu binafsi zikaja kampuni za simu moja baada ya nyingine, kila moja ikipaka kuta za maduka rangi yake, na watu wa Masasi wakaanza kutembea barabarani wakizungumza peke yao. Nami nilinunua simu. Lakini simu ni sauti. Nilichoweza ni kumpigia jirani wa nyumbani Newala, mama mmoja mtu mzima, nikamwomba apite kwa mdogo wangu amwangalie. Alikuwa akipita, kisha ananipigia kunijulisha kwamba mdogo wangu mzima na ananisalimu. Nilimshukuru kila mara, na kila mara nilipokata simu niliona kama nimepewa habari za mtu nisiyemjua.

Mama akafariki. Baada ya miaka minne mume wangu naye akafariki, kwa presha, akiwa kazini. Mungu hakutujalia mtoto. Nilimwomba mdogo wangu ashuke tukae pamoja Masasi, akakataa. Alisema hawezi joto la kule, na kwamba nyumba ya mama haiwezi kufungwa. Mimi nilibakiza miaka michache nistaafu, nikaona nisubiri. Basi tukawa kila mmoja na nyumba yake, kila mmoja na chungu chake kidogo jikoni.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mwenzangu. Siku moja ofisini alikuwa anazungumza na binti yake aliyekuwa Dodoma, akaigeuza simu nikamwona yule binti anacheka, anajipanga nywele. Nilisimama nikiangalia vidole vyake. Vilionekana vyote. Mwenzangu alidhani nimependa simu yake.

Nilinunua simu mbili za namna ile wiki hiyohiyo, na mwisho wa mwezi nikampelekea mdogo wangu ya kwake. Ilimchukua siku moja kujifunza kubonyeza. Kule Newala juu mtandao ulikuwa mzuri. Tatizo lilikuwa kwangu. Nyumba yangu ipo nyuma ya jabali, na ndani mwangu simu ilikuwa inashika sauti tu, tena kwa kubahatisha. Picha haikupita kabisa. Dukani wakaniambia dawa yake ni rauta, kile kiboksi cheupe kinachowekwa laini ya simu ndani yake na kusambaza intaneti nyumba nzima. Nilikizungusha kila chumba nikiangalia taa zake. Zilikubali sehemu moja tu: dirisha la jikoni, linalotazama magharibi, ambako jabali linakatika na mnara unaonekana kwa mbali.

Siku ya kwanza alipotokea kwenye kioo, nyuma yake nililiona kabati la mama, na kuku akipita. Aligusa goti lake. Mimi nikagusa sikio. Halafu tukakaa tukitazamana tu, kama watu waliosahau walichotumwa.

Tulipatana tuwe tunapigiana saa kumi na moja jioni. Mimi nimetoka shule, yeye amemaliza shughuli zake, na mwanga bado upo; mtu anayezungumza kwa mikono anahitaji mwanga kuliko anavyohitaji chakula. Kwa miezi ya baridi mambo yalikwenda vizuri. Aliniambia mikorosho imeanza kupuliziwa dawa ya salfa na macho yanamwasha. Aliniambia nani amezaa na nani amehama. Nilikuwa ninarudi nyumbani haraka, sipigi porojo na mtu njiani, nikanawa uso na kukaa kwenye kiti changu mbele ya dirisha kama mtu anayengoja mgeni.

Ilipofika Oktoba, Masasi ikawaka. Jua la saa kumi na moja lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye dirisha lile, jabali nalo linarudisha joto lililolinywa mchana kutwa, na bati juu linalia. Rauta ilikuwa ikichemka kiasi kwamba huwezi kuweka kiganja juu yake ukahesabu hadi tano. Kwanza picha ilianza kukatikakatika. Kisha ikawa inaganda. Mdogo wangu alikuwa anabaki kwenye kioo na mkono mmoja hewani, mdomo wazi, na taa ya rauta inageuka nyekundu. Nikiiondoa dirishani niiweke kivulini, inapoa lakini mtandao hakuna. Nikiirudisha, mtandao upo lakini inawaka moto.

Nilijaribu kila nililoweza. Niliiweka juu ya sufuria iliyofunikwa ili hewa ipite chini. Niliisimamisha juu ya mtungi wa maji, nikafunga kitambaa chenye maji shingoni mwa mtungi. Nilitundika kanga dirishani, mtandao ukapungua, nikaitoa. Nikawa naipepea kwa kipepeo cha jikoni, na kwa kweli ilisaidia. Lakini kupepea kunataka mkono, na mikono ndiyo niliyokuwa nazungumza nayo. Nikipepea, ninanyamaza. Nikizungumza, inachemka. Jioni nyingi za mwezi ule nilikaa napepea ili yeye azungumze, nami nikitikisa kichwa tu. Siku moja aliniuliza mbona siku hizi nimekuwa kimya, nina nini. Niliweka kipepeo chini ili nimjibu, na kabla sijamaliza akaganda.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Sauti ya binti mpole wa Dar es Salaam ikaniambia nizime, ningoje, niwashe. Nilipopiga mara ya tatu akaniambia kampuni inajua tatizo hilo, na kwamba litaletwa sasisho la programu ya ndani ya rauta, litaingia lenyewe, nisiguse kitu. Nilimwuliza programu itazuiaje jua. Akasema atalifikisha suala langu kwa wahusika.

Sasisho liliingia kweli, Jumatatu moja mchana nikiwa shule. Niliporudi, rauta ilikuwa imejibadilisha jina na kusahau neno la siri. Nilihangaika siku mbili mpaka nikajua kwamba inataka lile la awali lililoandikwa chini ya tumbo lake. Na tangu siku hiyo ikawa inajizima na kujiwasha kila baada ya muda, iwe imepata joto au haijapata. Baada ya wiki tatu likaja sasisho la pili kusahihisha la kwanza. Hilo likapunguza kujizima, lakini taa ya mtandao ikawa haiwaki kabisa mpaka uchomoe laini na kuirudisha.

Ndipo nikaipeleka kwa fundi, mzee mmoja mwenye kibanda karibu na soko, ambaye alianza na redio za mbao enzi zile na sasa alikuwa anatengeneza kila kitu chenye waya. Nilimwamkia, akaitikia, akaipokea rauta kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Aliifungua, akanusa ndani.

"Mwalimu," akasema, "hii ina magonjwa mawili. Wewe na hao wa kwenye simu mnayachanganya. Joto ni lake. Hayo masasisho ni mengine, wanakutibu malaria wakati umevunjika mguu."

Alitoboa matundu kwenye ganda lake, akasafisha vumbi, akanirudishia. Alinishauri niondoe ruhusa ya masasisho kuingia yenyewe. Nilitafuta mahali pa kuiondolea sikupaona, na niliona haya kurudi kumwuliza siku hiyohiyo.

Jioni iliyofuata ndiyo niliyotaka kuisimulia. Mdogo wangu alipokea akiwa amevaa gauni jipya la kitenge, nywele amesuka. Alikuwa na uso wa mtu mwenye neno. Alianza kwa kuniambia nitulie nimtazame vizuri. Kisha akaweka kiganja kifuani, upande wa moyo, akakigonga mara mbili, na baada ya hapo akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona maishani: alikunja vidole vitatu, akanyoosha viwili, akavizungusha karibu na shavu. Nikamwashiria arudie. Akarudia, kiganja kifuani, taratibu. Picha ikaganda hapohapo, mkono moyoni, macho yananiangalia. Nikashika kipepeo. Taa za rauta zikaanza kuwakawaka zote kwa pamoja, na kwenye simu nikaona maandishi kwamba sasisho linaingia, usizime kifaa. Nikangoja. Umeme ukakatika mtaa mzima.

Uliporudi baada ya saa moja, rauta haikuwaka. Hakuna taa hata moja. Nilichomeka, nikachomoa. Ilikuwa kama tofali.

Nikatoka nje na simu, picha huko nako haikupita. Nikampigia jirani wa Newala, hakupatikana. Nikarudia mpaka nikachoka. Kichwani mwangu kulikuwa na picha ile moja, mkono kifuani. Mume wangu alikuwa ameshika kifua hivyohivyo, walivyonisimulia wenzake. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Nilikaa kwenye kiti changu jikoni, nikavifanya vile vidole viwili karibu na shavu mara nyingi, nikitafuta maana yake: sindano, maumivu, jino, kizunguzungu. Kila nilipovifanya viliniogopesha zaidi.

Asubuhi nilimwomba ruhusa mwalimu mkuu nikapanda gari la kwanza. Barabara ilikuwa na vumbi mpaka tulipoanza kupanda, kisha hewa ikabadilika, sisi tuliotoka Masasi tukaanza kufunga vifungo vya shingoni. Newala ilikuwa ndani ya ukungu. Nilitembea kutoka stendi hadi nyumbani karibu ninakimbia.

Nyumba ilikuwa na kufuli.

Yule jirani alitoka aliponiona. Simu yake, alisema, ilikuwa imeisha chaji tangu juzi. Nikamwuliza mdogo wangu amelazwa wapi. Alinishangaa. Akasema hajalazwa, mbona mzima, yuko kwa wenzake. Kila siku asubuhi anakwenda. Nikauliza wenzake gani. Akanionyesha njia, nyumba ya bati jekundu kabla ya kufika kanisani.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili yenye vyerehani sita. Nilipiga hodi mlangoni, nikapiga tena, nikakumbuka. Nikachungulia. Walikuwa ndani watu tisa au kumi, wanawake kwa wanaume, wengine wanashona, wengine wamekaa kwenye mkeka wanakata vitambaa, na wote walikuwa wanazungumza. Mikono ilikuwa inakwenda chumba kizima, kwa kasi ambayo mimi na mdogo wangu hatukuwahi kuwa nayo. Mtu alisema kitu upande huu, wa upande ule akajibu, wakacheka. Mdogo wangu alikuwa katikati yao amenipa mgongo. Sikuelewa neno hata moja. Nilisimama pale mlangoni, nikiwa nimeshika mkoba wangu, na hakuna aliyejua kama nipo.

Mwanamke mmoja akaniona, akapiga meza kwa kiganja. Wote wakageuka.

Alifurahi, sisemi hakufurahi. Alinikumbatia, akanishika mkono akanizungusha kwa kila mmoja. Alikuwepo mwalimu wao, mwanamume wa makamo kutoka Mtwara, naye kiziwi, aliyekuja miezi mitano iliyopita kuwafundisha ushonaji na lugha ya alama, ile inayotumika nchi nzima. Miezi mitano. Na sisi tulikuwa tunazungumza kila jioni. Nilipomwuliza mbona hakuniambia, alisema aliniambia mara nyingi, lakini macho yangu yalikuwa pembeni, kwenye rauta, nami nikitikisa kichwa tu.

Tuliporudi nyumbani mchana nilimwonyesha vile vidole viwili karibu na shavu, na kiganja kifuani. Nilimwuliza anaumwa nini.

Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanieleza kwa lugha yetu ya zamani, taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Kule kwa wenzake kila mtu hupewa jina. Hawajipi wenyewe, wanakaa wanakutazama wiki kadhaa, halafu wanapatana. Yeye walimpa hilo la shavuni, kwa sababu ya kishimo kinachotokea akicheka. Ile jioni alikuwa ananiambia, mimi, hili ndilo jina langu.

Sikuwahi kuona kile kishimo. Yaani nilikiona tangu amezaliwa, lakini mimi nilikuwa nimemwita kwa sikio. Miaka arobaini na zaidi nilimwita kwa kile kilichokufa.

Tulikula. Alinipikia ming'oko, vile viazi vya porini, anajua naipenda. Alipotaja kaburi la mama, kwamba amelipalilia, hakuchora kwenye paji la uso. Alifanya alama nyingine, ya wenzake, ya mama wa mtu yeyote. Nadhani hakujua kama ameifanya. Niliinamia sahani yangu.

Jioni nilimwambia kwamba nikistaafu nitarudi Newala tukae wote. Nilikuwa nimelibeba neno hilo tangu njiani, kwa hofu ya kumkuta mgonjwa.

"Njoo," alinijibu. "Nyumba ni yako. Ila mimi mchana sishindi hapa."

Nilishuka Masasi kesho yake. Yule fundi aliichukua rauta, akakaa nayo karibu wiki mbili. Alipata programu ya zamani, ile iliyotoka nayo kiwandani, kwa fundi mwenzake wa Mtwara, akairudisha ndani kwa waya kidogo kidogo, akafunga mlango wa masasisho kabisa. Halafu akafanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa tangu mwanzo: akanunua antena ya nje, akaifunga kwenye nguzo ya dirisha la jikoni, akavuta waya hadi kona ya sebule, sakafuni, penye baridi, na rauta akaiweka huko. Niliiwekea kiganja jioni ile. Ilikuwa na uvuguvugu wa mwili wa mtu. Haijachemka tena tangu siku hiyo.

Basi picha ikawa safi. Haikatiki. Vidole vyote vinaonekana, na mikono yangu yote miwili ni mitupu. Lakini yeye sasa alikuwa anapokea akiwa na haraka, mara sindano mdomoni, mara mtu anamwita kwa kumgusa bega. Alianza kuchanganya lugha yao na yetu, na nilikuwa namsimamisha kila mara kumwuliza hiki nini. Nilinunua daftari la hesabu, lile la vyumba, nikawa nachora mikono na kuandika maana pembeni. Mimi niliyefundisha watoto wa watu kusoma kwa miaka thelathini, mkono wangu ulikuwa mzito kuliko wa mtoto wa darasa la kwanza. Yeye alikuwa na subira nami. Alinirekebisha vidole kwa mbali, bila kunicheka. Lakini mtu akikufundisha neno la chumvi na neno la kesho, siku hiyo hamjazungumza.

Mwaka niliostaafu, mdogo wangu aliolewa na yule mwalimu wao. Harusi ilikuwa ndogo na nzuri. Wageni walikuwa wanapunga mikono juu badala ya kupiga makofi, na baba mchungaji alisoma viapo huku mtu akivitafsiri pembeni yake. Kisha wakahamia Mtwara, ambako kuna kazi zaidi. Nyumba ya mama ikawa inataka mtu, na mimi nikapanda Newala na vitu vyangu, na rauta ndani ya sanduku la nguo. Huku juu haihitaji antena wala haioni joto. Nimeiweka juu ya kabati, inashika vizuri, na kuna siku za Juni naigusa ili nipate joto mkononi.

Tunazungumza Jumapili. Wiki iliyopita aliniuliza nimekula nini, nikamwambia. Nikamwuliza habari za mumewe, akanijibu kwa alama tatu ambazo nilizielewa zote, nikafurahi. Halafu taa ya mlangoni kwake ikawaka, ile waliyofunga badala ya kengele, akaniashiria nisubiri kidogo, akaiegemeza simu mezani akatoka. Niliona kivuli chake kikipita na cha mgeni wake kikiingia. Hakurudi upesi. Nilikaa nikiangalia kiti chake na kipande cha ukuta wa kijani, picha haikutikisika hata kidogo, mpaka simu yake ilipoisha chaji ikazimika.